Nilivyobebeshwa makopo kumi na mawili ya ushahidi baada ya kukatwa tumbo, Kariakoo enzi za Ujamaa

Wakuu, za jioni. Walionizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mmebaki wengi.

Nimepita kwenye uzi wa kijana mmoja aliyefanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo. Uzito unashuka, na bado anataka kupiga chuma jimu. Anauliza ale nini asiishiwe nguvu.

Majibu aliyopewa sasa! Huyu shake ya chokoleti, yule unga wa kopo kutoka ng'ambo, mwingine anamuita PM amuuzie vidonge.

Nikasema ngoja. Hilo somo mimi nimelifanya Kariakoo, wakati hatujui jimu ni nini na sukari tunaipangia foleni kwa mawe. Yaani unaweka jiwe lako kwenye mstari, unakwenda kazini, ukirudi unalitafuta jiwe lako lilipofika.

Ninayoandika yalinikuta mimi. Mke wangu Asumpta yupo hapa pembeni anasoma kila mstari, nikitia chumvi ananipokonya simu.

Twende.

Nilikuwa kuli. Kazi yangu kushusha magunia kwenye malori na kuyaingiza bohari, hatua chache kutoka sokoni. Nimetokea Masasi nikiwa kijana mwenye mwili mkubwa, kazini wakaniita Pipa. Ugali wa watu watatu nilikuwa naumaliza peke yangu, halafu nauliza kama kuna uji.

Vidonda vya tumbo vikanianza. Nikavipuuza, nikawa nakunywa maji ya moto na kusema itapita. Siku moja nikatapika damu juu ya gunia la mchele, mbele ya watu wote.

Hospitali wakanipasua, wakaondoa sehemu kubwa ya tumbo. Daktari akakunja ngumi yake akanionyesha.

"Umebakiwa na hivi. Utakula kidogo kidogo, mara saba kwa siku, kila baada ya saa mbili. Tafuna mpaka chakula kisahau kilikuwa nini. Ukila kama zamani tutaonana tena hapa."

Nikatoka. Suruali zikaanza kunikimbia. Kila wiki natoboa tundu jipya kwenye mkanda, mwisho mkanda wenyewe ukawa matundu matupu.

Nyapara wetu, Saidi, mtu mfupi asiyecheka ovyo, akanipa kazi ya kufagia bohari kwa huruma. Lakini huruma yake ilikuwa na mwisho.

"Pipa, nakupa miezi sita. Ikiisha, unabeba gunia la kilo mia kutoka kwenye lori mpaka ndani, bila kulitua. Ukishindwa, itabidi nichukue mtu mwingine."

Vijana mtasema si angetafuta kazi nyingine tu. Wee! Enzi zile ukikutwa mjini huna kazi, unapandishwa lori unarudishwa kijijini ukalime. Na Asumpta alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Niliogopa, sina haja ya kuwaficha.

Sasa mazoezi.

Mtaa wa pili kulikuwa na mkahawa wa chai wa Bwana Jamnadas. Alikuwa akitupa makopo matupu ya maziwa ya unga, yale makubwa ya mahotelini. Nikamuomba kumi na mawili. Nyapara akaniruhusu nichukue saruji ninayoifagia sakafuni, ile inayomwagika mifuko ikipasuka. Nikaikoroga na kokoto, nikajaza makopo, ilipokauka nikagonga vifuniko vikarudi mahali pake ili makopo yasikate gunia.

Kila kopo kilo nane na ushee. Ninaanza na makopo mawili ndani ya gunia, gunia mgongoni, nazunguka kitanda. Kila baada ya wiki mbili naongeza kopo moja. Nikimaliza nayapanga chini ya kitanda, lebo zimetazama nje, maana Asumpta hapendi vitu ovyo ovyo.

Na chakula ndio hiki, kijana andika: uji wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, ndani yake korosho zilizotwangwa na dagaa waliotwangwa wakawa vumbi.

Korosho mama alikuwa ananitumia kutoka Masasi. Dagaa tulinunua sokoni. Ladha yake sitaki hata kuikumbuka, Asumpta alikuwa anapika huku amegeuza uso. Lakini kikombe kimoja kilikuwa na kila kitu. Saa nne kamili naongeza yai moja, la kuku wetu tuliyemfunga mguuni mwa kitanda.

Nilikiuka mara moja tu. Makuli wenzangu walikuwa wanachanga, saa sita tunakula sinia moja. Siku zote nilichanga kama wao nikala matonge matatu, basi kila mtu akawa anagombea kukaa sinia langu. Sijawahi kupendwa vile. Siku hiyo kukawa na samaki wa nazi. Tamaa ikanishika, nikapiga matonge kumi, haraka haraka.

Jamani! Jasho, moyo unapiga mbio, tumbo linasokota, dunia inazunguka. Nikajilaza juu ya magunia nikijua ndio basi. Wenzangu wakanipepea kwa zamu huku wakimalizia samaki.

Sijarudia mpaka leo.

Tatizo langu halikuwa chakula wala chuma. Lilikuwa ni neno "karibu".

Tulipanga chumba Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, jiko la wote uani. Mnazijua nyumba zile. Mtu akipita unakula, unamkaribisha, naye anajibu "starehe" anapita zake. Adabu ya kawaida. Sasa mimi nakula mara saba kwa siku, wakati wa njaa, na chumba cha mbele yetu anakaa Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa mjane, muuza vitumbua ambaye vitumbua vyenyewe vilikuwa vimekwama kwa kukosa unga na sukari. Jumapili ya kwanza, siwendi kazini, saa nne nikamwambia karibu. Akaja na kijiko. Saa sita nikamwambia karibu. Akaja na kijiko kilekile, hajakiosha. Tumbo langu ngumi, na kikombe changu ngumi, nikigawana naye nguvu naitoa wapi?

Asumpta akaanza kufunga mlango tukila.

Kufunga mlango ukila, kwenye nyumba kama ile! Ni bora ungemtukana mtu. Na siwezi kujieleza, maana majirani niliwaambia nimepasuliwa ngiri. Pipa asiye na tumbo? Kariakoo? Wangenitungia wimbo.

Bi Tatu akaanza kuhesabu, siku ninazoshinda nyumbani. Saa kumi na mbili mlango umefungwa. Saa mbili umefungwa. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili ya jioni. Katikati anasikia mwanaume anaguna ndani na sakafu inatikisika. Yote akayavumilia, mpaka siku upepo ulipopeperusha pazia akaona chini ya kitanda.

Makopo ya maziwa. Kumi na mawili. Na akina mama wenye watoto wachanga walikuwa wanazunguka mji mzima hawapati hata moja.

Jumamosi, zimebaki siku mbili nifike kwenye gunia la Nyapara. Nilikuwa nimefika makopo kumi, na hapo ndipo niliponasa. Kumi na moja nilijaribu, magoti yakakataa. Nimekaa kitandani nimeshika tama, hodi ikapigwa.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Pazi, na mgambo wawili. Nyuma yao Bi Tatu amejifunga kanga kifuani, tayari kwa lolote.

"Shikamoo Balozi," nikasema.

"Marahaba. Inua shuka."

Nikainua. Makopo yale, lebo zimepangwa vizuri, yule mtoto mnene wa kwenye lebo anatucheka wote.

"Mkeo hata hajajifungua. Maziwa haya ya nani?"

"Si maziwa, Balozi. Ni saruji."

Mgambo mmoja akacheka mpaka akashika ukuta. Mzee Pazi akainama, akashika kopo kwa mkono mmoja akalivuta kwa nguvu zote za serikali. Kopo halikuja. Mgongo wake ndio ulikuja, tukasikia "kwa!"

Akabaki ameinama vilevile, akasema kwa sauti ya maumivu, "Mnaona? Limejaa!"

Akaamuru ushahidi wote upelekwe ofisi ya tawi la chama, kule upande wa Mnazi Mmoja. Mgambo wakabeba makopo mawili mawili mpaka ukumbini, wakatua, wakatazamana. Mmoja akasema, "Mwenye mali abebe."

"Yote?" nikauliza.

"Yote," akasema Mzee Pazi, bado ameinama.

Makopo kumi na mawili wakayatia kwenye gunia langu mwenyewe, mgambo wakaniinulia mgongoni.

Wakuu, sijui niwaambie nini. Hatua ya kwanza niliona nyota mchana. Nikajua nikilitua njiani sitaliinua tena, na watasema natafuta upenyo nikimbie. Nikaenda. Nyuma yangu Balozi amejishika kiuno, mgambo, Bi Tatu, na kila aliyekuwa hana kazi Kariakoo siku hiyo. Wengine wanapiga kelele, "Mficha maziwa huyo!" Machozi yalinitoka, nayafuta kwa bega maana mikono imeshika gunia.

Katikati ya njia magoti yakaanza kutetemeka. Nikalijua tetemeko lile. Saa nne ilikuwa imepita.

Asumpta akalijua pia. Tumbo lake mbele, kikombe mkononi, akapenya mpaka kwangu. Nikasimama nimeinama na kilo mia mgongoni, naye ananilisha uji wa dagaa kijiko kimoja kimoja katikati ya barabara.

"Tafuna," ananiambia.

"Asumpta, huu ni uji."

"Daktari kasema tafuna!"

Nikatafuna uji. Mgambo mmoja akanusa kikombe akarudi nyuma hatua tatu.

Nikafika. Katibu wa tawi akaleta tindo na nyundo, kopo la kwanza likafunguliwa. Kijivu. Kavu. Akagonga, ko ko ko.

"Fungua la pili," akasema Mzee Pazi.

Wakafungua yote kumi na mawili. Hakuna aliyecheka tena. Katibu akakuna kichwa, akasema, "Haya. Na saruji umeipata wapi?"

"Nilimpa mimi." Ilikuwa sauti ya Nyapara Saidi. Alikuwa anapita kwenda zake, akafuata umati kama wengine. "Ni takataka ya kufagia. Saruji haina kosa. Kosa lake amenificha kwamba anafanya mazoezi."

Ikabidi niseme. Nikavua shati, nikawaonyesha mshono kutoka kifuani mpaka kitovuni, nikaeleza tumbo lilivyokatwa na kwa nini nakula mara saba. Bi Tatu akaziba mdomo kwa kanga.

Nyapara hakuutazama mshono. Alikuwa anatazama makopo.

"Kutoka Sikukuu mpaka hapa, umebeba yote haya?"

"Yote."

"Hukutua?"

"Alisimama kula tu," akadakia Asumpta.

Jirani na ofisi kulikuwa na duka la ushirika. Nyapara akaazima mizani, makopo yakarudi ndani ya gunia, akapima. Kilo mia na tatu. Akapima tena, mtu yule hakuwa anaamini kitu kirahisi.

"Jumatatu usiguse fagio," akasema, akaenda zake.

Nikakaa chini nikalia kama mtoto, mbele ya mke na mgambo. Mzee Pazi akaniomba radhi bila kunyooka, akawaamuru mgambo wayarudishe makopo nyumbani kwangu. Walikwenda safari tatu.

Kesho yake Jumapili tumekaa chumbani, mlango ukagongwa. Bi Tatu. Mkononi kitumbua kimoja kidogo sana, sijui unga aliutoa wapi.

"Pipa, saa nne hii. Kula."

Saa sita akagonga. Saa nane akagonga. Hatukuwa na saa ya ukutani, na yule mama alikuwa ameshika saa zangu zote saba kwa kichwa. Tuliishi nyumba ile miaka tisa, hakuwahi kunipitisha mlo. Mtoto wetu wa kwanza tukamwita Tatu.

Kwa hiyo kijana mwenye tumbo dogo: kula kidogo, kula mara nyingi, chakula kizito kwenye kikombe kidogo, na ongeza uzito wa chuma taratibu. Muulize daktari wako, usimsikilize anayekuita PM. Na waambie watu wako kilichokupata. Mimi niliona aibu ya tumbo, nikaishia kutangazwa mwizi wa maziwa ya watoto.

Mlioishi nyumba za kupanga miaka ile njooni mnisaidie, kuna vijana wataniita muongo. Na kama kuna mjukuu wa Mzee Pazi humu, naomba kujua kama mgongo ulinyooka.

Naishia hapa. Saa kumi imefika, na binti yangu Tatu anagonga mlango.