Vidonge Saba vya Malaria

Ninaandika polepole, kwa sababu niliacha shule darasa la sita na mkono haukuzoea. Lakini jambo hili limekaa nami tangu mvua zilizopita.

Ninatengeneza baiskeli karibu na stesheni ya Kamina. Nilikwenda Bukama kutafuta vipuri, nikalala na mwanamke wa huko. Niliporudi nikaanza kukojoa moto, na usaha ukachafua nguo. Mke wangu alikuwa na miezi minne tu nyumbani kwangu.

Kwenye kituo cha afya, mbele ya benchi lililojaa akina mama, muuguzi mzee aliniuliza ninaumwa nini.

“Tumbo, papa.”

“Ya juu ao ya chini?”

“Ya chini.”

“Chini namna gani? Mupaka mu suruali?”

Akina mama wakacheka. Nilitaka kukimbia, lakini alinishika mkono, akaniingiza nyuma ya pazia. Alichukua usaha kidogo, ukatazamwa kwa hadubini.

“Iko sopisi,” alisema, sasa kwa sauti ndogo; ndivyo tunavyoita kisonono. “Dawa iko. Lakini sopisi haiko ya muntu moja, mwana yangu. Bibi yako naye akuye hapa, hata kama hasikie maumivu. Na musilale pamoja mupaka bote babili mumalize.”

Alinichoma sindano, akanipa vidonge kumi na vinne, viwili kila siku, pamoja na karatasi iliyokunjwa, yenye tarehe na jina la ugonjwa.

“Ukisikia haya ya kumuambia bibi, usiseme kintu. Mupatie tu hii karatasi, akuye nayo hapa.”

Karatasi niliitia ndani ya kitabu changu cha nyimbo za kanisani. Siku ya nne asubuhi moto ulikuwa umekwisha. Nilitazama vidonge: nimemeza saba, vimebaki saba. Nikaona ni sawa, nusu yangu, nusu ya mke wangu.

“Meza hii,” nilimwambia. “Iko ya malaria. Imbu banazidi.”

“Aksanti, bwana yangu. Unanichunga muzuri.”

Alivimeza vyote, siku baada ya siku, mbele ya macho yangu.

Baada ya wiki chache akashikwa na homa, na maumivu chini ya kitovu yaliyomfanya atembee ameinama. Tulimpeleka hospitali. Daktari alimwuliza kama alikuwa amekunywa dawa yoyote.

“Ya malaria,” alijibu. “Bwana yangu njo alinipatia.”

Damu ilipopimwa, malaria haikuonekana. Wakasema labda imejificha kwa sababu ya dawa aliyoianza nyumbani, wakamwekea maji ya kwinini. Uongo wangu ulitoka katika kinywa chake, na watu waliosoma wakaufuata siku mbili nzima.

Mimi nilisimama mlangoni. Mama mkwe alikaa kando ya kitanda, na kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe wake, wala hatamki mambo ya mwili mbele yake. Aliniuliza bila kunitazama:

“Mukwe, juu ya nini hii malaria haisikie dawa?”



Siku ya tatu mke wangu, akiweweseka kwa homa, aliniita kwa jina la kaka yake. Nilikimbia nyumbani, nikafungua kitabu cha nyimbo, nikarudi na ile karatasi. Nilimfuata daktari kwenye korido, nikampa kwa mikono miwili. Aliisoma, akaitazama tarehe, akanitazama mimi. Kisha akamtuma mama mkwe kuchota maji, akaingia kumpima upya. Ugonjwa ulikuwa umepanda hadi kwenye kizazi na mirija yake. Dawa zikabadilishwa saa ile ile, nami nikapewa zangu upya, nikizimeza muuguzi akinitazama. Homa ilishuka. Kuhusu watoto, daktari alisema hawezi kuahidi.

Daktari ndiye aliyemweleza mke wangu ukweli. Nilipoingia, mke wangu alinitazama muda mrefu.

“Ulisema iko ya malaria.”

Hakurudi kwao. Anapika, anaimba kanisani, na kila mwezi anafua vitambaa vyake bila kuniambia kitu. Wakati mwingine natamani anipigie kelele.

Wiki iliyopita aliumwa kichwa, nikamletea vidonge. Aliirudisha pakiti mkononi mwangu.

“Soma.”

Nilisoma silabi moja moja: pa-ra-se-ta-mol.

“Tena.”

Nikasoma tena. Ndipo akanyoosha mkono kuchukua maji.