Majani ya Shamba la Baba

Kwa miaka mingi nilifundisha chuo kikuu na kuchunguza vinasaba vya kahawa. Fedha za utafiti zilipokatika, nikaajiriwa na kampuni ya miche. Kazi yangu ya kwanza ikanirudisha nyumbani, Mbinga, kukusanya majani ya mibuni mikongwe isiyoshikwa na chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha kahawa ikiwa bado mbichi.

Nilianzia kwa baba. Alinikuta uani nikishusha deli la barafu kwenye gari la kampuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alilitazama gari, kisha fulana yangu yenye nembo. "Zamani ulichukua majani ukasema ni ya kusoma. Ya safari hii ni ya nini?"

"Ya kuzalisha miche bora."

"Mtakayotuuzia sisi?"

Nikaliweka deli chini. Yeye ndiye aliyenisomesha kwa kahawa hiyohiyo, na sasa alikuwa akiniangalia kama anavyowaangalia walanguzi.

Kesho yake mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mama mmoja aliyewahi kunifundisha shule ya msingi, aliwaita wenzake kanisani baada ya misa. Alinipa fomu yangu mwenyewe, ile ya ridhaa niliyowaletea wakulima wasaini. "Tusomee, mwanangu. Yote."

Nilisoma kwa sauti. Nilipofika kwenye mstari uliosema sampuli na chochote kitakachotokana nazo ni mali ya kampuni, nikapunguza sauti. Fomu hiyo nilikuwa nimetembea nayo kutoka mjini bila kuisoma hadi mwisho.

"Rudia hapo," alisema mama mwenyekiti. Nikarudia. Watu wakaanza kuondoka mmojammoja, bila kuniaga.

Nilimpigia bosi nikamwomba mstari ule ufutwe. "Hayo ni maneno ya kawaida tu," alisema kwa upole. "Wewe chukua majani." Upole wake ulinitia shaka kuliko ambavyo ukali ungenitia. Kama ni ya kawaida, kwa nini hataki kuyafuta?

Niliondoka na deli tupu. Ofisini nikaandika kwamba sitakusanya jani hata moja kwa fomu ile. Wiki kadhaa nilikaa nikidhani kila anayeniita ananiita kunifukuza. Hatimaye ikaja fomu mpya: mbuni unabaki mali ya mkulima, na miche ya kwanza inarudi kwa kikundi bure. Niliisoma mara nne nikitafuta mtego. Sikuuona, lakini sikulala vizuri zaidi kwa sababu hiyo.

Niliporudi nayo Mbinga, wakulima wengi walisaini. Baba aliniruhusu mibuni mitatu tu. Alisimama nyuma yangu nikichuma, akihesabu majani kwa midomo. Nilipofunga deli, akatoa daftari la shule na kalamu.

"Andika umechukua nini, usaini."

"Baba, ni mimi."

"Wewe nakujua," alisema. "Andika jina la kampuni."

Nikaandika.