Ngozi ya Shingoni

Tangu utotoni mchoraji mabango alikuwa na ngozi ya ajabu shingoni: vipele vya manjano, laini, vilivyopangana kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Nduguze wakamwita Kuku, jina likamganda. Mama alimpaka kila mafuta aliyosikia yakisifiwa. Yaliposhindwa, Kuku akazoea kuvaa shati la kola ndefu, maisha yakasonga.

Siku moja mwenye duka la dawa alikataa kupokea bango. Herufi zimelewa, alisema, zinateremka kama zinatafuta pa kulala. Kuku alilitazama, akaliona limenyooka kama uzi. Akaugeukia mlango wa duka. Miimo yake ndiyo iliyopinda. Hapo akajua kasoro iko machoni mwake.

Hospitali ya kwanza alipewa miwani, ya pili akaambiwa ni uchovu. Ya tatu alimkuta daktari wa macho, mwanamke mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alimmulika jicho, akakawia hapo, kisha akamwambia afungue kola. Kuku alishangaa. Kaja na jicho, shingo ya nini tena?

Daktari alimweleza kwamba ni ugonjwa mmoja, tena adimu. Nyuzi zinazoifanya ngozi ivutike na kurudi zinajaa chokaa na kukatika. Nyuma ya jicho nako utando umepasuka nyufa, damu inavujia humo. Wakakata kipande kidogo cha ngozi, kikapimwa, ikawa kweli.

"Jicho litarudi?"

"La kushoto limeshakwenda pale katikati. La kulia tutalipigania kwa sindano."

Kuku aliuliza kama ugonjwa huo kautoa kwa baba au kwa mama. Kwa wote wawili, akajibiwa. Kila mmoja alibeba mbegu yake bila kujua, wala haikumdhuru.

Nyumbani alisimulia yote. Mama aliinama. Mdogo wake wa mwisho, mshonaji, alisimama kando akivuta mtandio ufunike shingo. Kuku aliujua mvuto ule.

"Twende wakakuangalie, mdogo wangu."

"Macho yangu mazima, kaka."

"Hata yangu yalikuwa mazima."

Alibembelezwa mpaka akakubali. Daktari alizikuta nyufa kwenye macho yote mawili. Damu ilikuwa bado haijavuja. Akamwonya kwamba siku atakayoona mshono ulionyooka unapinda, asingoje kesho.

Walirudi kwa miguu, Kuku akigeuza uso pembeni ili aione njia. Alijaribu mzaha, mdogo wake hakucheka. Kufika nyumbani yule mdogo akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.