Fugwe Kichwani

Jamani, aibu nyingine mtu hutafutiwa na wenzake, lakini hii niliitafuta mwenyewe, nikaichanganya na asali, nikaipaka kichwani.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa, mimi kijana wa Singida nimeletwa Mbinga kuwa bwana shamba, na karibu na Kigonsera nikampenda mwalimu mmoja, Ansila, naye akanipenda, kazi ikabaki kwa baba yake, Mzee Kolumbani. Nikatuma mshenga. Mzee akamjibu, "Mwanangu siwezi kumpa mtu wa rika langu." Rika lake, wakati mimi hata miaka thelathini sijafika, ila kipara (urithi wa kwetu, babu alikuwa nacho, baba alikuwa nacho, hata shangazi mmoja alishaanza) kilikuwa kimefika utosini. Niliumia sana, kwa sababu bila Ansila nilikuwa sioni maana ya kubaki kwenye baridi ile.

Sasa, msimu ule nilikuwa napambana na fugwe, ule ukungu unaoingia kwenye hindi bichi, punje zikavimba kama vitunguu, na zikipasuka zinamwaga unga mweusi kama masizi. Nilipita shamba kwa shamba nikitangaza kwamba hindi lenye fugwe likatwe na lichomwe palepale. Mzee Kolumbani naye nilimchomesha nusu ya kishamba chake (ndiyo, kabla ya kutuma mshenga, akili ya kupanga mambo sikuwa nayo). Dada yake tu, Bibi Skola, mkunga wa pale, ndiye aliyenibembeleza nimwachie kidogo, akisema ni dawa. Nikamwachia, wala sikumwuliza dawa ya nini.

Baada ya jibu la mzee nikaanza kuwaza kisomi. Kitu kinachovimbisha punje namna ile, kikikutana na nywele iliyolala kitashindwaje kuiamsha? Nikaenda kwa Bibi Skola.

"Shikamoo bibi. Naomba ile dawa ya fugwe, nina mgonjwa nyumbani."

"Marahaba." Akanitazama sana. "Ni mgonjwa wako kabisa?"

"Wangu kabisa."

Akanifungia unga kwenye jani la mgomba.

Jumamosi mzee akaniita nikalaze nyasi za ngoro, eti aone kama mgongo wangu bado unapinda. Huko wanaume hukata nyasi na kuzilaza mirabamiraba, wanawake wakafuata na majembe kuzifukia, hadi mteremko mzima unabaki mashimo ya kupandia, ndiyo ngoro zenyewe. Kati ya wanawake wa siku hiyo walikuwamo Ansila na Bibi Skola. Mimi nilikuwa nimepaka dawa yangu na asali ili ishike, juu nikavaa kofia ya pama, nikijua kofia shambani haina maswali. Jua lilipopanda asali ikaanza kuyeyuka, inzi wakaja wachache, kisha wakaitana, ikawa nakata nyasi nikiwa na msafara wangu.

Saa sita kengele ya misheni ikalia. Kule kengele hiyo ikilia jembe linalala, kofia zinatoka, watu wanasali Malaika wa Bwana wakiwa wamesimama palepale. Na mimi ni Mkatoliki, sala naijua, lakini kofia niliishika kwa mikono miwili. Mzee alisali jicho moja likiwa kwangu.

"Bwana Shamba," akasema baada ya amina, "kofia hiyo imeota mizizi?"

Bibi Skola akanitetea. "Mwacheni, ana mawazo." Kisha akanigeukia. "Baba, mgonjwa wako damu imekata?"

"Damu gani, bibi?"

"Ya uzazi. Dawa ile nampa mwanamke aliyejifungua, haina kazi nyingine."

Ansila akalaza jembe lake polepole. "Kuna mwanamke gani kwako?" akauliza, kwa sauti ileile ya darasani.

Niliogopa, nawaambia kweli, nikaona namkosa hapohapo mbele ya watu. Nikavua kofia.

"Mgonjwa ni huyu," nikasema.

Jasho, asali na fugwe vikateremka kwa mistari hadi kwenye shati jeupe, na inzi wakashuka wote. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Bibi Skola akasogea, akagusa utosi wangu, akanusa kidole. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Pole, mwanangu. Wa kike au wa kiume?"

Hapo shamba zima likalala kwa kicheko, na Ansila akakaa ndani ya shimo la ngoro akifuta machozi. Mzee hakucheka.

"Bwana Shamba, chenye fugwe kinafanywaje?"

"Kinachomwa, mzee."

"Wapi?"

"Palepale."

Akatoa kiberiti, akakitikisa. Nikarudi kinyumenyume nikatumbukia shimoni. Yeye akawasha sigara yake taratibu.

"Nilikukataa nikidhani u mzee mwenzangu," akasema. "Kumbe ungali mtoto kabisa. Kaoshe kichwa, kisha umwambie mshenga arudi."

Tulifunga ndoa baada ya mavuno, kipara changu kikiwa wazi. Niliapa kwamba kichwani kwangu hakipandi kitu zaidi ya maji na sabuni, na mkunga simdanganyi tena. Ukitaka dawa sema unaumwa wapi, maana aibu ya watu wawili ni nafuu kuliko ya shamba zima.

Lakini Bibi Skola hakuyamaliza. Kila Ansila alipojifungua, alikuja na vifurushi viwili vya jani la mgomba, akampa mama kimoja, kisha akanigeukia mbele ya wageni na cha pili.

"Na wewe, baba, pole kwa uchungu."