Kwa Nini Niliitwa Jalala

Nilipokuwa mtoto kule Mgeta, niliamini kwamba sikuzaliwa na mtu. Niliitwa Jalala. Wenzangu waliniimbia njiani tukienda shule kwamba niliokotwa kwenye takataka, na mama alifariki kabla sijapata akili ya kumuuliza.

Siku moja nilimkabili bibi, mzaa mama, aliyekuwa akinilea. Alikuwa akimenya njegere.

"Bibi, ni kweli niliokotwa?"

"Kweli," alisema bila kuinua uso. "Uliokotwa jalalani. Na jina hilo usiliache, utaumia."

Nililia nyuma ya banda la mbuzi mpaka kichwa kikaniuma. Kesho yake nikamwambia mwalimu mgeni kwamba naitwa Neema. Darasa zima lilicheka, lakini yeye akaandika Neema. Haikupita wiki nikashikwa na homa kali, meno yakigongana. Bibi aliposikia habari za hilo jina jipya, alisimama mlangoni akapaza sauti hadi ng'ambo ya bonde: "Jalala! Huyu ni Jalala tu, hana mwenyewe!" Kisha akanibeba mgongoni mpaka zahanati. Nilipona. Labda ni dawa. Bibi alijua ni jina, nami tangu hapo sikuthubutu kujiita jina lingine.

Mwaka huu binti yangu Rehema ana mimba ya kwanza, akataka kujua majina ya ukoo. Tukapanda kutoka mjini Morogoro hadi Mgeta, na parokiani wakatufungulia vitabu vya zamani vya ubatizo. Upande wa bibi tulikuta Tabu, Mavumbi, Sitaki. Rehema alicheka, ila alipofika kwenye jina langu akaniinulia macho.

"Mama, kwani ukoo wetu ulikuwa haupendi watoto?"

Nikampeleka kwa Mama Kolastika, aliyekuwa jirani wa mama yangu, ambaye sasa ni mzee sana. Tulipomaliza kumwamkia na kumsimulia majina tuliyoyakuta, nilimuuliza lile swali la utotoni.

"Ni mimi niliyekuokota," alisema.

Nikasogeza kigoda karibu naye.

"Ndugu zako waliokutangulia walipewa majina mazuri, na hakuna aliyekaa. Ulipozaliwa wewe, bibi yako akasema safari hii kifo kione huna anayekutaka. Akakulaza jalalani, ili mimi nipite kama mpita njia nikuokote. Mama yako tulimwambia abaki ndani. Wapi! Kumbe kajificha kwenye migomba. Hata sijanyoosha mgongo, keshaninyang'anya! Akakunyonyesha palepale, kakaa kwenye majivu."

"Sasa mbona bibi hakuniambia?"

"Angekanusha, si angeharibu kazi yote? Hao kina Tabu na Sitaki mliowasoma, mwanangu, wote waliitwa hivyo ili wabaki."

Nililia, mtu mzima na mvi zangu, na ilikuwa kama kutua mzigo wa kuni baada ya mlima mrefu. Rehema alinishika mkono, naye akicheka huku machozi yanamtoka.

Kama kifo husikia majina ya watu, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba bibi aliniacha nimdhanie vibaya miaka yote ile, na akaenda kaburini bila kujitetea. Kwake, heri nimchukie nikiwa hai.