Bwawa la Bilali Lilipotakata

Pale Masaki ya Kisarawe, mtu akikwambia nyumba ya Bi Mwamini ni safi, anakuonya. Ukija na matope unarudishwa mlangoni. Maji ya kunywa anayachuja, anayachemsha, kisha anayainua mwangani kuyakagua kama askari aliyeshika leseni. Hata kuku wake hupita uani kwa adabu.

Mumewe, Bilali, alikuwa mtu wa matope. Alichimba bwawa bondeni, nyuma ya mikorosho, akafuga sato, na kila jioni alirudi ananuka bwawa. Miaka sita Bi Mwamini hakukanyaga huko. "Mimi niliolewa na mkulima wa mihogo," alikuwa akisema. "Hayo mengine kayazua mwenyewe."

Ramadhani iliyopita Bilali akapigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalala, ulimi ukawa mzito. Mtu aliyeweza kusimulia habari moja toka magharibi hadi isha, sasa neno moja lilimtoa jasho. Na neno lenyewe, kila asubuhi kabla ya chai, lilikuwa lile lile: "Sa...to?"

"Wazima, Baba Hamza," mkewe alimjibu, naye hajawaona. Uongo ule ukamkera. Siku ya tatu akajifunga kanga kiunoni, akashuka bondeni.

Maji yalikuwa ya kijani, mazito. Kwenye kona kilining'inia kiroba, nusu kimezama, na alipokinusa akakuta ni mavi ya kuku. Bi Mwamini akataka kulia. Mumewe kalala hajiwezi, na samaki wake wanaishi chooni.

Faudhia, dada yake Bilali, akatokea na kuni kichwani. "Wifi, siku hizi unafuga sato au unapika mlenda?"

Neno lile likamchoma. Kesho yake akakitoa kiroba, akakitupa mbali. Bomba la kutoka kijitoni, ambalo Bilali alilifungua kidogo tu wakati wa kiangazi, yeye akaliacha wazi usiku na mchana. Maji mapya yakaingia huku, ya kijani yakatokea kule. Baada ya wiki mbili ungeweza kutia udhu mle.

"Bwawa lako limetakata, Baba Hamza. Naona mpaka chini."

Bilali akatoa macho. Akainua mkono wa kushoto, akajipiga kwenye kiwiko cha kulia. Akapiga tena. "Ki...wiko."

"Kinauma? Pole." Akapasha mafuta ya nazi, akamkanda. Bilali akajivuta, akakipiga tena. Naye akazidisha mafuta. Siku nne kiwiko kile kilikandwa kuliko unga wa chapati.

Huko bondeni sato walikonda, wakawa vichwa vitupu vyenye mikia. Akawatupia pumba, wakala, na bado wakakonda. Asubuhi moja akakuta watatu wanaelea. Aliwafukia chini ya mkorosho, akarudi kuandaa chai.

"Sa...to?" Bilali akauliza.

Safari hii "wazima" haikutoka. "Twende ukawaone mwenyewe," akasema.

Akatoa toroli la mihogo, akalisugua kwa sabuni, akatandika godoro. Faudhia akamkuta hapo. "Mgonjwa anasubiri, wewe unaogesha toroli?"

"Shika huko, wifi."

Wakamsukuma hadi bwawani. Bilali alipoyaona maji, uso ulimsawijika. Akaashiria ateremshwe ukingoni. Akazamisha mkono wa kushoto mpaka kiwikoni; vidole vyote vitano vikaonekana kule chini. Akatikisa kichwa. "Nisi...vione," akasema.

"Ndivyo alivyokuwa akipima kila jioni," Faudhia akasema taratibu. "Mkono unazama hadi kiwiko. Vidole vikipotea, anasema chakula kipo. Ule ukijani ndio wanaoula, wifi. Na mbolea ya kuku ndiyo inayouotesha."

"Ulijua, ukaniambia napika mlenda?"

"Nilikuwa nakutania. Nisipokutania wewe, nikamtanie nani?"

Bi Mwamini akakaa chini, kwenye tope, na kanga yake safi. "Nimekuharibia, Baba Hamza. Nilitaka siku ukiliona likupendeze."

Bilali akamshika mkono kwa ule wake uliolowa, asiuachie mpaka Faudhia akajifanya anatafuta kuni.

Siku ile ile Bi Mwamini akafunga bomba, akajiziba pua kwa ncha ya kanga, akajaza mavi ya kuku kwenye kiroba kingine kwa mikono yake, akakining'iniza bwawani. Kila jioni walimsukuma Bilali hadi bondeni, na mkono uliozama sasa ukawa wa mkewe. Mwanzo maji yakawa kama chai ya rangi, kisha yakaanza kuwa ya kijani. Siku ya kumi na tisa alizamisha mkono, vidole vikapotea. Akamwaga pumba. Migongo ya sato ikapasua maji, mipana.

"Wame...nenepa," Bilali akasema, jasho likimtiririka.

"Sema mashaallah kwanza, utawatia jicho," akamwambia, akamfuta uso kwa mkono ule ule wenye ukijani, bila kuunawa.