Sauti ya Mwanamke Chooni kwa Wakwe

Jamani, mimi nilikwenda ukweni kujitambulisha, nikatambulika mpaka kwa majirani, na hadi leo nikipita kule Kurui kuna mtu lazima atacheka, kwa hiyo chekeni na nyie tumalizane.

Naitwa Shabani, nauza vipuri vya pikipiki Kwa Mathias, pale Kibaha. Kwa wateja mdomo ninao, lakini niweke mbele ya wazee uone, jasho linanitoka mpaka kwenye kope (sijui nimerithi wapi, marehemu baba alikuwa anabishana hata na matrafiki). Nesi mmoja wa kituo cha afya, anayehudumia vijana, ndiye aliyeniwekea kwenye simu programu ya afya. Unaiuliza hata yale usiyoweza kumuuliza mtu, nayo inakujibu kwa sauti ya dada mpole, kama anakubembeleza unywe uji, na ukishikwa na hofu anakuongoza kupumua mpaka moyo unatulia. Mimi nilikuwa naye kila siku.

Basi siku hiyo nikaenda na baba mdogo Rajabu kwa kina Mwanahamisi, mchumba wangu, huko Kurui, Kisarawe ya ndani. Tukakaribishwa ukumbini mbele ya babu yake, Mzee Kondo, ambaye masikio yamechoka, na shangazi yake, Bi Tatu, ambaye masikio yake yanatosha watu watatu. Hatujasema lililotuleta, Bi Tatu akatupasha kwamba mchumba aliyetangulia aligundulika ana mke Mlandizi, kwa hiyo safari hii mtu anachambuliwa kama mchele.

Moyo ukaanza mbio. Nikawaza, ngoja niende chooni mara moja, nipumue na dada yangu wa kwenye simu, nirudi nikiwa mwanaume kamili. Nikaomba njia.

Choo chao kiko uani, kuta za bati, juu wazi. Nimesimama humo, kanzu nimeikusanya mkono mmoja, nikabonyeza, nikataka kupunguza sauti, na kwa vidole vile vya jasho nikaiongeza.

“Karibu,” dada akasema, uani kote. “Hapa upo salama. Legeza mwili. Vuta pumzi... ishikilie... achia. Vizuri sana. Usiwe na haraka, tupo wawili tu.”

Nikaizima, nikatoka. Bi Tatu huyu hapa mlangoni, kashika ndoo ya maji.

“Baba, ulikuwa na nani humo?”

“Peke yangu, shangazi.”

“Na huyo anayekwambia mpo wawili tu?”

Hapo ningesema ukweli mambo yangeishia pale pale uani. Lakini mdomo wangu, sijui ulitumwa na nani, ukasema, “Ni dada yangu, kanipigia simu.”

Bi Tatu akanitangulia ukumbini, akatangaza kwamba dada wa bwana harusi amepiga simu chooni. Baba mdogo Rajabu, mtu wa watu, asiyejua hata kinachoendelea, akashangaa kwa dhati kabisa: “Dada gani tena? Mbona marehemu kaka alizaa madume matupu?”

Nyuma ya pazia nikasikia Mwanahamisi anavuta pumzi kwa kwikwi, na nikajua nimempoteza.

“Mlandizi nyingine hii!” akasema Bi Tatu. “Mpigie huyo mwanamke, azungumze hapa mbele ya baba.”

Nikajitetea kwamba si mtu, ni programu, nani anasikia! Ikabidi niifungue katikati ya mkeka, wote wakiinamia. Dada naye, bila hiyana, akaendelea tulipoishia jana yake: “Karibu tena, Shabani. Uliuliza kuhusu hofu ya mwanaume usiku wa kwanza wa ndoa. Usijali, hofu hiyo ni ya kawaida...”

Nabonyeza kuzima, kioo kimelowa jasho, hakisikii. Baba mdogo akawa anachunguza dari. Mzee Kondo akatega mkono sikioni: “Anasemaje?”

“Haya mambo ya vijana, baba.”

“Nimeuliza anasemaje!”

Bi Tatu akajifunika uso kwa kanga, akapiga kelele, “ANASEMA SHABANI ANAOGOPA USIKU WA KWANZA!”

Nyumba ya pili walikuwa wanatwanga. Mchi ukanyamaza.

Ndipo Mwanahamisi akatoka nyuma ya pazia, machozi na kicheko pamoja. “Babu, si mwanamke huyo. Hata mimi ninaye kwenye simu.” Halafu akakumbuka swali lililoulizwa, maana wote tulimgeukia yeye, akarudi nyuma ya pazia mbio.

Mzee Kondo akafikiri, akasema, “Mwoga tutamlea. Mwenye mke Mlandizi ndiye angetushinda. Leteni wali.”

Baada ya kula akaniita nyuma ya nyumba, akaninong'oneza (anavyodhani yeye ni kunong'ona): “Mjukuu wangu, huyo binti wa kwenye simu, ya wazee anayajua? Mimi mkojo unagoma, na nitamwambia nani?” Nikamjibu yule ni wa vijana, lakini hospitali nitampeleka mwenyewe. Nikampeleka. Foleni nzima ikamsikia anavyomweleza daktari, nami nilikaa pembeni yake nikainamisha kichwa. Wakamtibu, na harusi yetu akaicheza.

Programu bado ninayo na sijaifuta. Ila nimeapa, ukweni sitaomba njia ya chooni tena. Nitavumilia mpaka nifike Kibaha.